Kuokota Bila Kuinama

Vaa shati safi. Kazi hii inaanzia hapo, na ndipo wengi wanapokosea. Mtu akisikia neno kuokota, anatafuta shati bovu, waya wa kuchokorea na kiroba, kisha anaelekea jalalani jua likiwa utosini. Akifika amechelewa. Ndoo imeshapasuka chini ya gurudumu la guta, boksi limeshanywa maji ya samaki, mbao zimeshaingia jikoni kwa mama lishe. Kitu kilichotoka dukani kizima kimefia njiani, kati ya mlango wa stoo na jalala, na hapa Chemchem, Tabora, safari hiyo ni fupi, mkokoteni unaimaliza kabla chai haijapoa. Mwokotaji anayeijua kazi yake anasimama mwanzo wa safari. Anasimama mlangoni pa mtu, na mlangoni pa mtu huendi na shati bovu.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, kama kitu kimeshaingia mvunguni. Mwongozo huu ni wa kukiwahi kingali mezani.

Salamu kabla ya macho

Ukifika dukani usianze kuangaza pembeni. Mwenye duka huona upesi jicho lako limekwenda wapi, na jicho lililotangulia salamu limeshaomba kabla ya mdomo. Salimu kwanza. Kama ni mzee, shikamoo yako iwe na kituo, usiimeze. Kama ni bibi wa Kinyamwezi anayeuza nafaka, mwangaluka ya asubuhi itamfanya aweke kibaba chini na kukutazama usoni. Uliza habari za nyumbani, za mvua, za mgonjwa ikiwa unajua yupo. Kisha nunua kitu, hata kiberiti. Mimi hununua chumvi, maana haiozi na nyumbani haikosi kazi.

Ndipo lije swali. Usiulize "Mnatupa nini leo?" Swali hilo linamwambia mfanyabiashara kwamba ni mharibifu wa mali, na hakuna anayelikubali jina hilo mbele ya wateja. Atakujibu hakuna, huku mabaki yamerundikana nyuma ya kisogo chake. Uliza kuhusu nafasi. Maduka ya jumla niliyoyazoea yote yanalia nafasi, na sijasikia hata moja likikiri kuwa na taka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chumvi?"

"Chumvi, Mzee. Na kama kuna kinachowabana nafasi huko stoo, nimekuja na baiskeli."

"Yapo maboksi. Ila uchukue yote, usinichagulie."

"Nachukua yote, Mzee, na nafagia."

Neno hilo la mwisho ndilo mkataba wenyewe. Ukifagia, mwenye duka ameokoa hela ya mkokoteni, na kijana wake ameokoa nusu saa ya jasho. Hujaomba kitu hapo, umefanya kazi na umelipwa kwa maboksi. Anayechagua matano mazuri akaacha kumi yaliyolowa, ameacha kero palepale alipoikuta, na wiki ijayo ataambiwa gari halijafika.

Usiwasahau vijana wa kupakua. Tajiri anajua bei ya kila kitu, lakini wao ndio wanaojua kilipo. Wao ndio walioliona katoni likidondoka, wao ndio wanaojua kona ipi ya bati inavuja. Wapelekee maji ya kunywa siku ya kupakua, au karanga za kukaanga kwenye karatasi. Baada ya miezi miwili utaitwa kwa simu kabla hujasalimu.

Kinachoua bidhaa nzima

Jungu kuu halikosi ukoko, na duka kubwa halikosi mabaki. Lakini ukitaka kuyapata sharti ujue yanazaliwaje. Mali nyingi dukani haifi kwa kuharibika. Inafia kwenye daftari. Katoni likiwa na madumu manne ya mafuta ya kula, dumu moja likapasuka njiani kutoka Dar es Salaam, matatu yaliyobaki ni mazima kabisa. Yamepakaa mafuta tu, na vumbi la barabara limeganda juu yake kama unga juu ya andazi. Karatasi za jina zimeteleza. Mteja wa jumla anataka katoni lenye manne, la matatu halitaki, na mteja wa rejareja anashika dumu lenye utelezi, anafuta kiganja kwenye suruali, anachukua la jirani. Mwenye duka anayasogeza pembeni ayafute akipata nafasi. Nafasi haiji. Siku ya kumi na tano panya wametafuna vifuniko, na hapo ndipo mafuta mazima yanapokuwa taka kweli.

Kufuta dumu moja kunahitaji majivu ya mkaa kiganja kimoja, maji ya vuguvugu na gunzi la hindi. Majivu yanakula mafuta, gunzi linakwangua bila kuchubua. Anza shingoni chini ya kifuniko, maana huko ndiko vumbi linakojificha, kisha teremka. Suuza, kausha kwa kitambaa, simamisha kivulini. Dakika ishirini kwa madumu matatu. Mwambie mwenye duka utamfutia yote, moja liwe ujira wako. Mara nyingi atakubali, na akikataa atakuuzia kwa bei ya kutupa. Napenda sana msemo huo wetu. Kinachotupwa ni bei, bidhaa inabaki mkononi.

Visababishi vingine vipo vingi na havihitaji maelezo marefu: kopo limebonyea, mfuko wa sabuni ya unga umechanika pembeni, kalenda ya mwaka jana imejaa chumbani, daftari za shule zimelowa jalada tu, viatu viwili vya mguu wa kushoto. (Viatu hivyo viache. Nimeshavitafutia ndugu zao wa kulia kwa muda mrefu.)

Kuhusu saa ya kwenda: nenda siku ya kupakua, baada ya kupakua. Wakati wa kupakua wewe ni kizuizi, na kabla yake hakuna kitu. Mvua za kwetu zikianza Novemba, pita asubuhi baada ya kila mvua ya usiku, maana stoo iliyovuja itakuwa imetoa mali nje kuianika. Na siku za kuhesabu mali, mwisho wa mwaka wa hesabu, acha shughuli nyingine zote. Siku hizo mtu mwenye kalamu anatembea rafu hadi rafu akiuliza hiki nacho kimekaa hapa tangu lini, na kila asiyepata jibu anataka kisionekane kesho.

Boksi na mchwa

Boksi ndilo zao kubwa la kazi hii, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu wengi wanalidharau. Boksi zuri lina matabaka mawili ya mawimbi ndani, ukilibonyeza kwa dole gumba linarudi. Hilo ni la kuhifadhia vitabu, nguo, vyombo. Ukilipasua na kulitandaza ni kitanda cha fundi chini ya gari. Ukilipanga kwenye bustani katikati ya matuta ya mchicha, linazuia magugu na kutunza unyevu mpaka linaoza lenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, boksi limepanda cheo pia sokoni: mama wa nyanya anayekufungia mzigo wa safari analithamini kuliko kikapu.

Lakini Tabora ina mchwa, na mchwa wa hapa wana historia. Mwezi wa Februari 1872, wasafiri Livingstone na Stanley walifika Kwihara, kilomita chache tu kutoka hapa tulipo, wakitokea Ujiji. Kulikuwa na shehena ya Livingstone iliyokuwa ikimsubiri stoo. Walipoifungua walikuta mchwa wameshaikagua: masanduku yameliwa, na hata mbao za bunduki hazikusazwa. Bidhaa zilivuka bahari, zikapanda kutoka pwani juu ya mabega ya watu, kisha zikaliwa stoo kwa kukosa mtu wa kuziinua kutoka sakafuni. Kila ninapopita kwenye lile tembe la makumbusho nawaza habari hiyo kabla ya kuwaza safari zao.

Kwa hiyo boksi lisilale kwenye udongo hata usiku mmoja. Lipandishe juu ya matofali, na uelewe matofali yanafanya kazi gani. Hayamzuii mchwa. Yanakuonyesha njia yake, kwa sababu mchwa hatembei uchi kwenye mwanga, anajenga kijifereji cha udongo na kupanda ndani yake. Kila asubuhi pitisha macho kwenye matofali manne. Ukiona mfereji mwembamba kama uzi wa udongo, ukwangue kwa kijiti. Ukisahau siku tatu, utainua boksi na chini yake itabaki mkononi mwako kama ngozi ya kitunguu.

Debe, mtumba na watu wa njia kuu

Kuna anayeona haya kwa kazi hii. Anasema kuokota cha dukani ni dhiki. Namheshimu, lakini namkumbusha kipimo anachonunulia mahindi. Debe ni kitu gani? Ni kopo la bati lililoletwa na mafuta ya taa kutoka ng'ambo, la galoni 4, kama lita 18. Mafuta yaliisha, kopo likabaki. Lingekwenda shimoni. Watu wa huku wakaling'oa kifuniko, wakalitia mpini wa mbao, likawa la kutekea maji. Likapimiwa mahindi, mpunga, mkaa, likakunjuliwa kuwa bati la paa, likakatwa kuwa koroboi na jiko. Jina la chombo kilichookotwa likawa kipimo cha biashara ya nchi nzima, na hata leo mkulima anayepimia ndoo ya plastiki husema amevuna debe kadhaa. Sijui heshima gani zaidi ambayo takataka ingeweza kupewa.

Na neno mtumba lina umri mkubwa kuliko nguo za soko la leo. Mtumba ulikuwa furushi la nguo alilobeba mpagazi kutoka pwani, merikani na kaniki zilizofungwa kwa kamba zikakazwa mpaka zikawa ngumu kama gogo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Wasafiri Burton na Speke walipofika Kazeh, sehemu ya Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, walikuta watu wa hapa wameshazoea shughuli hiyo. Hapa ndipo misafara iliposimama. Wapagazi wa kutoka pwani walilipwa na kutawanyika, wapya wakaandikwa, mizigo ikafunguliwa, ikapangwa na kufungwa upya kwa safari ya Ujiji au Karagwe. Mahali panapofunguliwa mizigo namna hiyo panabaki kamba, mikeka ya kufungia, masanduku, vipande vya nguo. Tabora ilijua kufungua na kufunga upya kabla ya kuona duka lenye kabati la vioo.

Hata miembe yetu, inasimuliwa, iliota kwenye kokwa walizotupa watu wa misafara. Nami huegesha baiskeli chini ya mwembe.

Ndoo na mbao

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana ni almasi ya mkoa huu, kwa sababu huu ni mkoa wa asali. Mrina asali wa Sikonge au Urambo anahitaji ndoo safi kuliko anavyohitaji karibu kitu kingine chochote, na ndoo mpya inamla faida. Basi ukiipata inayofaa, ipeleke kwake. Inayofaa ni ile iliyokuwa na chakula: mafuta ya kula, siagi, unga wa maziwa. Itafute chini yake alama ya glasi na uma, inayoonyesha ilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndoo ya rangi ya ukuta isiwekewe asali, wala maji ya kunywa, wala togwa, hata ukiisugua mpaka ing'ae. Hiyo ni ya kubebea mchanga na kuogeshea mbuzi. Na dumu lililowahi kuwa na dawa ya tumbaku lisiingie nyumbani kwa kazi yoyote ile. Mkoa wetu unalima tumbaku, madumu hayo yapo, na mtoto mwenye kiu hasomi kibandiko.

Asali ina pua kali, inashika harufu. Ndoo iliyonusa vitunguu itaifanya asali inuse vitunguu. Jaza maji ya moto yenye majivu kidogo, funga, acha ilale, mwaga, anika juani ikiwa wazi siku mbili, kisha ingiza uso wako ndani uvute pumzi. Ukinusa plastiki tupu imepona. Ukinusa kitu kingine rudia.

Mbao za paleti, zile fremu zinazobeba marobota na mashine, zina alama ya moto ubavuni. Isome kabla hujafurahi. Ukiona herufi HT, mbao ilitiwa joto mpaka moyo wake ukafika nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Hiyo tengeneza kitanda, rafu, banda la kuku, kiti cha mgeni. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Usiifanye samani, usiipikie, irudishe ilikotoka. Herufi mbili tu, na nimeona watu wazima wakizipaka rangi bila kuzitazama.

Magunia ya salfeti hayana shida, yakung'ute na uyageuze ndani nje. Mfuko wa saruji ni wa miche ya miti na si wa andazi, vumbi lake halitoki kwa kukung'uta.

Usichokigusa

Hapa naomba unisikilize kama ndugu. Usichukue dawa iliyotupwa, hata ya maumivu ya kichwa, hata ikiwa imefungwa. Usichukue maziwa ya watoto wachanga. Usichukue kopo lililovimba, kwa sababu lililobonyea limegongwa na nje, lakini lililovimba linasukumwa na kilicho hai ndani. Usichukue nafaka iliyolowa na kukauka tena, hata kwa kuku. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haifi kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi ya nyumbani kwao wenyewe.

Kuhusu tarehe, jifunze kusoma. Panapoandikwa mwisho wa matumizi, hapo ndipo mwisho, hakuna mjadala. Panapoandikwa bora kabla ya, mtengenezaji anazungumzia ladha: biskuti iliyopitwa kidogo imepoteza mkatiko wake tu. Lakini kula mwenyewe ni jambo moja, kuuza ni jingine. Udhibiti wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na bidhaa iliyopita muda haina nafasi kwenye meza ya biashara. Ukiiokota ukamuuzia jirani, umehama kutoka kwenye mwongozo huu.

Tena kuna tofauti ya kilichotupwa na kilichopotea. Noti ndani ya boksi, simu chini ya magunia, cheti cha mtu kati ya karatasi: hivyo vina mwenyewe. Fiqhi ya Kiislamu inaita luqata, na kitu cha thamani kinatangazwa mwaka mzima kabla aliyekiokota hajakigusa. Upande wa Biblia, Ruthu aliokota masazo shambani kwa ruhusa, mchana, watu wakimwona. Mji huu una wana wa nyumba zote mbili, na sijaona jambo wanalokubaliana kwa urahisi kama hili: okota hadharani, na rudisha kisicho chako.

Ndoo zilizotobolewa

Kuna duka moja, halina haja ya jina, ambalo lilinifundisha somo nililolichukia kwanza. Nilifika nikakuta ndoo kumi na moja nyeupe, zimesafishwa, zimepangwa ukutani, na kila moja imetobolewa kwa msumari wa inchi nne chini kabisa. Matundu matatu kila moja. Nilihesabu. Kijana wa dukani hakunitazama. Nilikwenda nyumbani na hasira ambayo sikuweza kuilalia, kwa sababu kuharibu kitu kizima ili mwingine asikitumie ni jambo ambalo moyo wangu haulipokei.

Kesho yake nilirudi, nikanunua chumvi, nikauliza. Mwenye duka alinieleza bila ukali. Ndoo zake zilizotoka nzima zilikuwa zimerudi sokoni na jina lilelile, zikiwa na mafuta yaliyochakachuliwa, na wateja walikuja kumlalamikia yeye. Alikuwa analinda jina lake kwa msumari. Sikuwa na jibu. Nikamwomba wiki mbili.

Nilirudi na wembe, sabuni na mchanga laini. Kibandiko kinaloweshwa kwa kitambaa cha maji moto dakika kumi, kinabanduliwa kwa wembe ulioinamishwa, na gundi inayobaki inasuguliwa kwa mafuta kidogo ya kula kisha sabuni. Jina lililochapwa kwenye plastiki yenyewe halibanduki, hilo linasuguliwa kwa mchanga na gunzi mpaka herufi zife. Nikambandulia ndoo tano mbele yake. Akaishika moja, akaizungusha, akapitisha kidole mahali jina lake lilipokuwa. Tangu siku hiyo hatoboi ndoo mtu. Sharti lake ni hilo moja, zisitoke na jina, nami nalitekeleza palepale kibarazani ili aone. Ukikuta duka linaloharibu mabaki yake, usiondoke na hasira kama nilivyofanya. Uliza linaogopa nini.

Wenzetu Ufaransa walifikia hatua ya kutunga sheria. Tangu Februari 2016 maduka makubwa yenye zaidi ya mita za mraba 400 hayaruhusiwi kuharibu chakula kinacholika, yanatakiwa kuingia mikataba na mashirika ya misaada. Huko baadhi ya maduka yalikuwa yakimwagia dawa ya kufulia chakula chao wenyewe mapipani. Na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Maduka yalichangia asilimia 12. Majumbani mwetu ilikuwa asilimia 60. Naitaja kwa sababu huwa nasikia watu wakiwasema wenye maduka, nami nawaambia wakitoka hapo wafunue sufuria zao.

Wanaoinama

Wapo watu ambao jalala ndilo shamba lao. Wanaokota chupa za plastiki na chuma, wanauza kwa kilo kwa wanunuzi wa chakavu, na watoto wao wanakula kutokana na hiyo kilo. Usiguse chupa. Usiguse chuma. Mwenye duka akikupa vyote, chupa ziweke kiroba chake peke yake, zifunge, mpelekee yule mama unayemwona kila siku. Msalimie kama ulivyomsalimia tajiri, shikamoo yenye kituo. Yeye anajua mengi kuliko mwongozo huu: anajua duka gani linatoa nini siku gani, na akikuamini atakwambia. Ukianza kwa kumpora riziki, shati lako safi halina maana yoyote.

Na uchukue kile ambacho una mahali pa kukipeleka kabla jua halijazama. Nyumba iliyojaa vya kuokota visivyo na kazi ni jalala lenye kufuli. Andika kwenye daftari nani anataka nini: mrina asali ndoo, fundi paleti, mwalimu wa darasa la kwanza maboksi ya kukatia herufi, bibi wa bustani magunia. Siku ninayotoka bila jina la mtu kichwani narudi na kitu cha ovyo.

Ninapoinama mimi

Kitu kimoja nakiinamia, na nitakisema. Mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi, masanduku yanafunguliwa kwa nyundo kibarazani, na misumari inaruka mchangani. Hakuna anayeiokota, bei ya mmoja haifiki popote. Usiku baiskeli zinapita, bodaboda zinapita, na asubuhi mafundi wa pancha wana foleni. Watoto wanapita peku.

Nilichukua sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kwa kamba ya katani. Jioni maduka yakifungwa, natoka na binti yangu mdogo. Yeye anaburuta sumaku taratibu kama mtu anayetembeza mbuzi, mimi natembea nyuma nikiokota ile iliyozama. Unausikia msumari ukiruka na kushika, tik, halafu mwingine. Mchanga nao unashika kidogo, ule mweusi wenye chuma, unaota kwenye sumaku kama ndevu, na binti yangu anaufuta kwa kidole akicheka.

Nyumbani tunainyoosha. Msumari unaulaza kwenye jiwe, mgongo wa kombo ukitazama juu, unaugonga kidogokidogo huku ukiuzungusha. Ukiugonga kwa nguvu mara moja unakatika. Jana tulipata 41. Kumi na tatu ilikuwa imenyooka tayari, mitano ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ikavunjika, iliyobaki tuligonga mpaka taa ikawashwa. Ataipanga mwenyewe kwenye kopo la maziwa, mirefu chini, mifupi juu, na kesho fundi wa kitanda ataipitia.